Mkono Nyuma ya Kabati

Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale bohari ya dawa, Fundi alijua kompyuta ya mtu imegoma kwa kuona kiti kitupu. Ndivyo walivyozoeana. Mashine ikileta matata, mwenye meza aliinuka, akasukuma kiti nyuma kidogo, akasimama kando kama mgeni asiyejua akae wapi, kisha akaita, "Fundi, hebu njoo." Fundi akija alikaa, akabonyeza hiki na kile, huku mwenye meza anatazama dirishani au anamalizia chai yake. Hakuna aliyeulizwa alikuwa anafanya nini kabla mambo hayajaharibika, wala hakuna aliyejisumbua kueleza. Mama Bohari, mama wa makamo aliyesimamia stoo nzima, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuinuka. Wenzake walimtania kwamba kile kiti ni cha Fundi, yeye amekiazima tu.

Sasa Fundi alikuwa anafanyia kazi nyumbani, na viti vyote vya ofisini vilikuwa vimekaliwa na watu waliokasirika.

Chanzo kilikuwa macho ya mama yake. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya dunia taratibu, ikianzia pembeni, mpaka akabakiwa na kijitundu cha katikati ambacho nacho kilikuwa na ukungu. Mchana alibaki peke yake, maana mke wa Fundi ni mwalimu, hutoka asubuhi pamoja na watoto. Siku moja Fundi alirudi jioni akamkuta mama amejifunga kitambaa mkononi. Alikuwa amemimina maji ya moto nje ya kikombe.

"Kidogo tu," mama alisema. "Kikombe kilihama."

Dada yake Fundi, anayekaa mji mwingine, alipiga simu usiku huohuo. Mama ahamie kwake, alisema, kwake kuna mtu mchana kutwa. Mama alikataa katakata. Nyumba ya binti yake ilikuwa ya ngazi, na hakukuwa na ukuta hata mmoja aliowahi kuupapasa. Hii yake aliijua kwa kiganja: akitoka chumbani anagusa fremu, kisha kabati, kisha kona ya meza, halafu yuko jikoni. "Mkinipeleka huko," alisema, "ndipo nitakapokuwa kipofu kweli."

Basi Fundi akaenda kumwona Meneja.

Meneja alikuwa mtu wa kupima maneno. Alimsikiliza mpaka mwisho, akazungusha kalamu. "Fundi wa kompyuta, kazi yake afanyie nyumbani?"

"Meneja, kazi zangu nyingi ziko kwenye skrini. Naweza kuingia kwenye kompyuta yoyote ya hapa nikiwa sebuleni kwangu. Nikaona anachokiona mtu, nikamtengenezea."

"Na waya ukichomoka?"

"Nitakuja."

"Unakaa mbali, bwana."

"Nitakuja, Meneja."

Meneja akaitua kalamu. "Sikatai, sikubali. Jaribu mpaka mwisho wa mwezi. Watu wakiridhika, endelea. Wakilalamika, utarudi, na hapo usinione mbaya."

Fundi alishukuru, akatoka na hesabu yake kichwani. Akirudi ofisini, mama anahama.

Alipanga meza karibu na dirisha la sebuleni, akaweka kompyuta yake na hedifoni za masikioni, na siku za mwanzo mambo yakamwendea vizuri kuliko alivyotarajia. Aliyesahau neno la siri alifunguliwa kabla hajamaliza kulalamika. Printa ya masjala iliyokuwa ikitema karatasi tupu ilirudiwa na akili zake bila Fundi kutoa mguu nje. Kwa kazi za namna hiyo, kukaa nyumbani hata kulikuwa bora, maana hakuna aliyemkamata ukumbini na "hebu mara moja."

Taabu ilikuwa pale mtu alipotakiwa kufanya jambo yeye mwenyewe. Na mtu huyo, mara nyingi, alikuwa Mama Bohari.

"Mama, unaona pale chini kulia?"

"Pale wapi?"

"Hapo hapo, kwenye kona."

"Fundi, meza hii ina kona nne."

"Kwenye kona ya skrini, mama. Bonyeza hapo."

"Nimebonyeza. Imezima."

"Ulibonyeza wapi?"

"Hapo! Si umesema hapo?"

Ikawa hivyo karibu kila siku. Kisha Fundi akasikia, kupitia simu ambayo Mama Bohari hakuikata, sauti yake akiwaambia wenzake, "Fundi wa kwenye simu ni kama mpishi wa kwenye simu. Atakwambia chumvi imezidi, lakini sufuria linaungua kwako." Wakacheka wote. Fundi naye alicheka kidogo, kisha akakumbuka mwisho wa mwezi. Maneno ya namna ile hufika kwa meneja haraka.

Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi mezani kwa vidole, alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo. "Huyo mama unamtesa," alisema.

"Mimi? Yeye ndiye ananitesa."

"Hapo, pale, hapo hapo. Mimi ningekukatia simu."

Fundi akatikisa kichwa na kurudi kwenye skrini. Alimpenda mama yake, ila mambo ya kompyuta mama aliyajulia wapi?

*

Wiki ya mwisho ya mwezi, gari la baridi lilikuwa linaondoka na chanjo za zahanati za mbali. Gari lile likiwaka halisubiri sana, na maboksi hayatoki mlangoni bila lebo. Mama Bohari akapiga simu. Lebo zilikuwa zinatoka moja moja, kwa kujivuta.

"Kama mtu anayetapika," alieleza. "Inakaa, inakaa, kisha moja."

"Nimeelewa, mama. Nipe dakika."

Fundi akaingia kwenye mashine kuu ya stoo. Mashine hiyo, ambayo printa zote za lebo ziliitegemea, ilikaa ndani ya kabati la chuma kwenye kona ya stoo. Ilikuwa na matundu mawili ya waya wa mtandao. Tundu moja lilikuwa na waya, ndilo la kazi. La pili lilikuwa tupu tangu siku mashine ilipofungwa, lakini halikuwa limezimwa, na Fundi akaona kwamba mashine ilikuwa inapoteza wakati kuubishia hodi mlango mfu kabla ya kukumbuka ule ulio hai. Dawa ilikuwa rahisi: kulizima lile tupu. Kwenye skrini matundu yote mawili yalikuwa na jina lilelile refu, yakitofautiana tarakimu ya mwisho. Akachagua, akabonyeza.

Skrini ikaganda.

Alijua kabla hata kidole hakijanyanyuka kwenye mausi. Alikuwa amezima tundu lenye waya, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameingilia. Ni kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba, ufunguo ameuacha ndani, chungu kiko motoni.

Simu ikalia papo hapo.

"Sasa haitoi hata hiyo moja," alisema Mama Bohari. Nyuma yake dereva wa gari la baridi alisikika akiuliza kama leo wanaondoka au wanaanzisha familia hapo hapo. "Ni umeme umekatika huko ndani, au ni hawa watu wa mtandao?"

Jibu lilikuwa limeshawekwa tayari mbele ya Fundi. Angesema ndiyo, ni watu wa mtandao, na nani angebisha? Angechukua pikipiki, angefika baada ya saa nzima na zaidi, angewasha lile tundu kimyakimya. Ila mama yake angebaki peke yake, gari lingechelewa, na mwisho wa mwezi Meneja angesema kwa haki kabisa: unaona, ilibidi uje.

"Hapana, mama," alisema. "Ni mimi. Nimezima kitu nisichotakiwa kuzima, nikajifungia nje. Siwezi kuingia tena kutoka huku."

Kisha Mama Bohari akasema, bila ukali, "Ala. Kumbe na nyinyi mnabonyeza vibaya?"

"Tunabonyeza vibaya sana."

"Sasa?"

"Sasa nahitaji mkono wako. Nyuma ya ile mashine kuna waya mmoja wa kuhamishwa kutoka tundu moja kwenda la jirani, ambalo bado liko hai. Basi."

"Mimi? Fundi, mimi ni mtu wa maboksi."

"Wewe ndiye uliye karibu, mama."

Akaenda. Fundi alisikia mlango wa kabati ukilia, kisha pumzi zake, kisha malalamiko. Kabati lilikuwa limebanwa ukutani. Mkono ulipita kwa ubavuni, kichwa hakikupita. Tochi ilimulika rangi ya ukuta. Dereva alitoa simu yake yenye kamera, wakaipenyeza, ikaleta picha nzuri sana ya ukuta. Na kabati lenyewe halikusogea, kwa kuwa lilikazwa kwa skrubu. Aliyelikaza ni Fundi, ili nafasi ya maboksi iongezeke. Yeye alizoea kupitisha mkono na kupapasa, hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mkono utakuwa wa mtu mwingine.

"Nimeingiza," alisema Mama Bohari. "Mbona naona giza tu?"

"Tafuta hapo karibu na... hapo upande wa..."

"Umeanza!"

Fundi akapangusa uso. Na ndipo mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni muda wote huo, akapapasa fremu, akapapasa kabati, akafika kwenye meza ya kazi na kunyoosha kiganja.

"Nipe hiyo simu."

"Mama, hii ni kazi—"

"Weka sauti ya nje, basi. Nawe usikilize."

Fundi akachomoa hedifoni, akaweka sauti ya nje.

"Mwenzangu, habari za huko," mama alisema. "Mimi ni mama yake huyu. Macho yangu hayaoni, kwa hiyo tuko sawa. Mkono umefika wapi?"

Mama Bohari akacheka kwa mshangao. "Shikamoo, mama. Mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko."

"Marahaba. Sasa usitafute kwa vidole vyote, vitagombana. Tumia kimoja. Vingine vishike kitu kisichohama, usije ukapotea. Umeshika?"

"Nimeshika ukingo wa bati."

"Vizuri. Sasa usimngoje akwambie ushike nini. Wewe mwambie unachokigusa, kwa maneno yako, yeye atakwambia kinaitwaje. Si ndiye msomi wa nyaya?"

Fundi akasogeza kiti karibu na simu.

"Nagusa kitu cha mbavu mbavu," ikasema simu.

"Kinapumua?" Fundi akauliza.

"Kinapumua. Kina joto."

"Hiyo ni feni. Uko juu. Teremka nayo taratibu."

"Nateremka. Kuna mkia. Mnene, mgumu, kama wa panya buku."

"Huo wa umeme! Usiuvute!"

"Nimeuacha."

"Uache kwa heshima," akasema mama.

Dereva alisikika akicheka, halafu hata wapakiaji wakasikika. Inaonekana walikuwa wameacha maboksi na kulizunguka kabati. Mama Bohari akawaamuru wanyamaze, kwamba mkono wake unasikiliza.

"Chini ya mkia kuna vijidirisha viwili," aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia, ya mtu anayehesabu stoo yake mwenyewe. "Mapacha. Kimoja kina waya mwembamba. Kingine kitupu, kidole kinaingia ncha."

"Ndivyo hivyo vyenyewe," Fundi alisema. Alijikuta amefumba macho. "Waya huo una kiulimi cha plastiki, kwa juu. Kibonyeze kwa kucha, ndipo uvute."

"Hakiko juu. Kiko chini."

Fundi aliushika waya ule mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na angeapa kiko juu. "Kama kiko chini, basi kiko chini. Wewe ndiye uliye huko."

"Nimebonyeza. Umetoka. Nauleta kwa pacha wake. Unakataa... unakataa..."

"Ugeuze mgongo," alisema mama. "Kila kitu kikikataa huwa kimegeuzwa."

Kwenye simu ikasikika tiki moja, ndogo kama ya mtu anayevunja kijiti.

Fundi akafumbua macho. Jina la mashine kuu, lililokuwa la kijivu, lilibaki la kijivu. Likakaa. Likakaa tena. Kisha likawa la kijani, na kabla hajasema lolote akasikia printa za lebo, zote kwa pamoja, zikianza kukereza kama watoto waliochelewa shule, na dereva akipiga kelele, "Imefufuka! Pakieni, jamani, pakieni!"

Mama Bohari alirudi kwenye simu akihema. "Fundi."

"Naam, mama."

"Ni hivi tu? Miaka yote unanitoa kitini kwa ajili ya tiki?"

"Si zote ni tiki, mama. Ila nyingine ni tiki."

*

Kabla gari halijafika barabara kuu, Fundi alimpigia Meneja na kumweleza mambo yote kama yalivyotokea, akianzia na kosa lake. Meneja hakufoka. Alisema tu, "Tutazungumza Ijumaa," na hilo lilimnyima Fundi usingizi kuliko kufokewa.

Ijumaa wakakutana kwa simu. Meneja na Mama Bohari walikuwa ofisini, simu ikiwa katikati ya meza, Fundi sebuleni kwake. Mama yake alijifanya anakunja nguo.

"Nimelifikiria jambo hili," Meneja alianza. "Kosa limefanywa na mtu aliye nyumbani. Limerekebishwa na mtu aliye ofisini. Nisaidieni, hiyo ni hoja ya nani?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si hilo. "Si hoja yangu, Meneja," alisema. "Kosa lile ningeweza kulifanya hata nikiwa hapo, ila nikiwa hapo ningelirekebisha mwenyewe kwa nusu dakika, na hakuna mtu angejua. Kazi za skrini nazifanya vizuri nikiwa huku, nakuhakikishia. Kazi za mkono haziwezi kufanyika bila mkono. Nilidhani mkono lazima uwe wangu."

"Mama Bohari? Wewe ndiye uliyelalamika zaidi."

"Nililalamika, ndiyo. Silikani." Kiti chake kilisikika kikilia. "Meneja, niseme kweli. Mimi nilikuwa napenda Fundi aje kwa sababu akija sihitaji kusema kwamba sijui. Nainuka tu. Kwenye simu huwezi kuinuka. Lazima useme, na mimi hivyo vitu sikuvijua hata majina, nikaona aibu, aibu ikageuka hasira. Lakini tangu juzi tunasema kivyetu. Jana printa imekwama, nimemwambia kuna karatasi imejikunja kama sikio kwenye meno ya ndani. Akajua. Nikaitoa. Sikuinuka." Kiti kikalia tena. "Akirudi hapa kila siku, najijua. Nitainuka tena."

Meneja akacheka, jambo ambalo Fundi hakulisikia mara nyingi. Sebuleni mama aliacha kukunja nguo.

"Nasema hivi," Meneja alisema mwishowe. "Siku moja kwa wiki unakuja. Siku hiyo ni ya nyaya, mavumbi, na vitu vinavyotaka bisibisi. Siku zilizobaki fanyia nyumbani. Tuone mpaka katikati ya mwaka. Sijasema milele."

"Nimeelewa, Meneja. Ahsante sana."

"Na siku ya kwanza ukija, lile kabati lisogezwe kutoka ukutani."

"Itakuwa ya kwanza kabisa."

Simu ilipokatika, Fundi alikaa mikono ikiwa mapajani, hajui kama acheke au aombe maji. Mama akasogea, kona ya meza, mgongo wa kiti, bega la mwanawe.

"Nimesikia," alisema. "Sihami."

"Huhami, mama."

Kiganja cha mama kikabaki begani. Fundi akaanza kupanga mambo, kama kawaida yake. Siku hiyo ya ofisini angemwomba dada aje alale usiku wa kuamkia siku hiyo, au jirani awe anapita kila saa, au mkewe aombe ruhusa shuleni...

"Wewe," mama akamkatiza. "Siku hiyo asije mtu."

"Mama, na maji ya moto je?"

"Chai niwekee kwenye chupa asubuhi. Hiyo nimekubali. Lakini tangu uhamie na mashine zako hapa sebuleni, redio nasikiliza kwa kunong'onewa kama habari za wizi. Nikiimba, unaniambia nina watu kwenye laini. Nakupenda, mwanangu, ila umejaa ndani ya nyumba." Akamgonga begani. "Siku moja kwa wiki niachieni nyumba yangu."

Fundi alimtazama. Alitafuta sababu za kukataa, na alizipata kadhaa nzuri. Akazipima moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wake wa siku zote, kisha akaziacha.

"Jirani atapita mara moja. Mchana."

"Abishe hodi kwanza."

"Atabisha hodi."

Mama akaridhika. Akarudi kwenye nguo zake, akaanza kuimba wimbo wa zamani, kwa sauti, bila kujali kwamba simu ya kazi ilikuwa imeanza kuita.

Fundi akaipokea, akauacha wimbo uendelee.